Kisu, Maji na Tairi la Lori

Kabla hajashika kazi yenyewe, fundi wa viatu vya katambuga hulikagua tairi. Hulisimamisha wima, akalizungusha taratibu huku kiganja kikipita juu ya kashata kutafuta palipolika kuliko pengine, kisha huchubua ukingo kidogo kwa ncha ya kisu aone kilichomo ndani. Anatafuta nyuzi. Tairi la nyuzi lina tabaka za nailoni zilizopishana mshazari ndani ya mpira, na kisu kilichonolewa vizuri hupita humo. Tairi la waya, ambalo ndilo limejaa barabarani siku hizi, lina mkanda wa chuma chini ya kashata. Waya huo huharibu kisu, na hata ukikatika hubakiza ncha zitakazomchoma mvaaji siku moja. Tairi la waya likiwa la gari dogo, fundi huchukua mbavu zake tu, ambazo kwa kawaida hazina chuma, zimpatie mikanda. Kilichobaki hukisukuma pembeni.

Kisu ndicho kila kitu hapa. Mpira wa tairi hauyeyushwi ukamiminwa upya kwenye umbo jingine. Umepikwa na salfa, kwa njia ambayo Charles Goodyear aliipatia hataza nchini Marekani mwaka 1844, na mpira uliokwisha kupikwa hivyo ukiuweka motoni unaungua, hauyeyuki. Kwa hiyo kila umbo analolitaka fundi lazima likatwe kwa mkono, na kosa la kisu halizibiki.

Fundi niliyekwenda kumtazama yuko Arusha, chini ya turubai kando ya njia iendayo sokoni. Ni mzee mwembamba asiye na maneno mengi. Vifaa vyake vyote vinaenea ndani ya debe moja: visu viwili vifupi vilivyochongwa kutoka vipande vya msumeno wa chuma, jiwe la kunolea, nyundo, koleo, patasi nyembamba, chaki, misumari mifupi ndani ya kopo la maziwa, na kipande kizito cha chuma anachokifanya kuwa fuawe. Pembeni ya goti lake la kulia kuna kopo la maji. Nilidhani ni ya kunywa mpaka nilipoona kisu kinachovywa humo. Mpira mkavu hung'ang'ania chuma. Ukilowa, kisu huteleza na mkono haulazimiki kusukuma. Mkono usiosukuma ndio unaoweza kufuata mstari. Anachovya, anakata urefu wa kidole, anachovya tena. Baada ya muda anasimama na kukipitisha kisu kwenye jiwe, upande huu na ule, hata pale ambapo mimi nisingejua kuwa makali yamepungua.

Kwanza huondoa pete mbili za chuma zinazokaa kwenye ringi, maana hizo ziko hata ndani ya tairi la nyuzi. Halafu huzitenga mbavu, akabaki na utepe mpana wa kashata, ambao huukata vipande vya kutosha mguu mmoja mmoja. Hii ni kazi ya nguvu, na kijana anayejifunza kwake humsaidia kulivuta tairi ili mpasuo ubaki wazi. Kuanzia hapo kijana hukaa kando kutazama.

Mteja wa asubuhi ile alikuwa mama mwenye genge la mboga jirani. Daktari amemwambia atembee kwa sababu ya presha, naye ameshika ushauri huo kwa bidii. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Mama huyu huzipata alfajiri, kabla ya kufungua genge. Shida yake ni raba za mtumba zinazombana vidole.

"Shikamoo mzee," alisema, akivuta kigoda.

"Marahaba, mama. Usikae. Simama hapo juu ya mpira, miguu yote miwili."

Alimtaka asimame kwa sababu mguu uliobeba mwili si ule unaoning'inia kitini. Una mifupa 26 iliyofungwa pamoja kwa kano, na uzito ukiushukia hutanuka: upinde wake hushuka, urefu huongezeka kidogo, vidole huachana. Kiatu kilichopimwa kwa mguu wa aliyeketi kitabana mvaaji akianza kutembea. Fundi aliishika chaki wima kabisa, akauzunguka unyayo bila kuilaza hata mara moja, kwani chaki ikilala huingia chini ya mguu na kuiba upana. Mbele ya vidole aliacha nafasi inayozidi kidogo unene wa kidole gumba cha mkono. Akaufanyia na mguu wa pili vivyo hivyo. Michoro miwili haikulingana, wa kushoto ukiwa mrefu zaidi, na hakuna aliyeshangaa, maana miguu ya watu wengi ndivyo ilivyo. Dukani mtu huyu angechagua namba moja na mguu mmoja ungevumilia. Hapa kila mguu unakatiwa wake. Kisha fundi akasogeza mistari yote miwili nje kidogo. "Saa hizi ni asubuhi," alisema. "Jioni itakuwa imejaa."

Halafu akaomba zile raba za zamani, na hapo ndipo nilipoanza kumheshimu kwa namna nyingine. Alizigeuza chali, akazielekeza kwenye mwanga. Mtu anapotembea, kisigino hutangulia kugusa ardhi, mara nyingi kwa upande wake wa nje. Uzito hupita ukingo wa nje wa unyayo, huvuka mbele kwenye mto wa nyama ulio chini ya vidole, na mwisho kidole gumba ndicho kinachousukuma mwili kwenda hatua inayofuata. Ndiyo maana soli ya mtu mwenye mwendo wa kawaida hulika kwanza pembe ya nje ya kisigino na eneo la mbele. Raba ya kulia ya mama ilikuwa hivyo. Ya kushoto ilikuwa imelika upande wa ndani, kuanzia kisigino hadi katikati, na ubavu wake ulikuwa umeinama. Mguu ule unaangukia ndani. Fundi hakutaja jina la tatizo. Alimuuliza tu kama goti la kushoto humuuma akiteremka mlima. Mama akaitikia. Fundi akaweka alama ya chaki kwenye ukingo wa ndani wa soli ya kushoto: hapa pataachwa panene kuliko pengine. Kuinua upande mmoja wa soli namna hiyo ni kazi inayofanywa pia na mafundi waliosomea vifaa vya tiba ya viungo, kama wale wanaohitimu chuo cha TATCOT kule Moshi. Huyu ameijua kwa kutazama viatu vilivyochakaa.

Kukata soli kulikwenda haraka. Kilichonivuta macho ni upande anaouelekezea. Tairi ni duara, na kipande chake hakikubali kulala chini. Fundi hukikata kwa kufuata mzunguko wa tairi, hivyo kisigino na vidole huinuka kidogo na katikati hugusa ardhi. Mguu ukitua, hubiringika wenyewe kwenda mbele. Huchagua tairi la lori kwa sababu kipenyo chake ni takriban mita moja na mpindo wake ni wa upole. Soli iliyotoka kwenye tairi la gari dogo hupinda mno, na mvaaji huyumba.

Soli iliyopinda imewahi kuuzwa mbali na hapa pia. Mwaka 1996 mhandisi wa Uswisi, Karl Müller, alileta sokoni viatu vya MBT vyenye soli iliyopinda, na herufi ya kwanza ya jina hilo inasimama kwa Wamasai, ambao mwendo wao ndio uliotajwa kuwa chimbuko la wazo. Kampuni nyingine zikafuata, na ahadi zikakua kupita kiasi: mwaka 2012 Skechers ilikubali kulipa dola milioni 40 nchini Marekani kumaliza madai kwamba iliwaahidi wateja viatu vyake vya soli iliyopinda vitawapunguza uzito na kukaza misuli. Soli ya namna hii ina manufaa yake ya kweli, na hospitali huitumia kupunguza mgandamizo mbele ya unyayo wenye kidonda. Kutembea kwenyewe hata hivyo hufanywa na miguu. Fundi wa Arusha hakumwahidi mama yule chochote. Aliubana mpindo kwa mikono miwili, akautazama kwa ubavu, akaona unatosha.

Kisha kukaja kuchuna, na asubuhi ikapunguza mwendo. Soli iliyotoka kwenye tairi la lori ni nene na nzito. Aliyeivaa hivyo ilivyo atachoka nyonga kabla ya kufika popote. Lazima tabaka ziondolewe, moja baada ya nyingine, kwa kadiri inayofaa kila sehemu. Fundi aliikanyaga soli kwa kisigino chake mwenyewe, akaingiza ncha ya kisu kwenye kona, kati ya tabaka na tabaka, akainua mdomo mdogo wa mpira. Akaudaka kwa koleo. Mkono wa kushoto ukawa unavuta, wa kulia ukawa unagusa kwa kisu kilicholowa pale tu ambapo mpira ulikuwa bado umeshikamana na nyuzi. Hakukata nyuzi. Kila mguso ulikuwa mfupi, na kila baada ya miguso michache tabaka lilijitenga kwa upana wa ukucha, likitoa mlio wa kuchanika. Akiharakisha, kisu kitazama na kutoboa tabaka la chini, na soli ile itakuwa imekufa. Jasho lilimtoka, lakini pumzi yake haikubadilika. Kijana aliinama karibu zaidi. Nami pia.

Kwenye kisigino aliacha tabaka mbili, maana ndiko uzito unakoshukia. Mbele alichuna hadi soli ikakunjika, na hapa alirudia jaribio lilelile tena na tena: anaishika soli ncha mbili, anaisukuma, anaangalia inapovunjika. Inatakiwa ivunjike penye maungio ya vidole, basi. Ikikunjika katikati ya unyayo haimshiki mtu. Isipokunjika kabisa, kisigino cha mvaaji kitachomoka kila hatua. Akachuna ukoko mwembamba kama ganda la kitunguu, akajaribu. Akachuna mwingine. Upande wa ndani wa soli ya kushoto, penye alama ya chaki, hakupagusa.

Mikanda hutoka kwenye ubavu wa tairi, ulio mwembamba na mlaini. Miwili hupishana juu ya mguu, mmoja huzunguka nyuma ya kisigino. Wapo wanaotaka huo wa nyuma uondolewe ili waweze kuvivaa kwa haraka, na fundi huwashauri wasifanye hivyo kama safari ni ndefu. Ndala hazina mkanda wa nyuma, na kwa sababu hiyo vidole hujikunja kila hatua kuzishikilia zisichomoke. Kwa matembezi ya kwenda bafuni si neno. Kwa mwendo wa kila alfajiri, vidole hivyo vitauma.

Kwa patasi alichanja vijifuko ubavuni mwa soli, katikati ya tabaka zilizobaki, akaisukuma humo miisho ya mikanda. Misumari aliipigilia kutoka chini, soli ikiwa imelala juu ya kile chuma kizito, ili ncha ikifika kwenye chuma igeuke na kurudi ndani ya mpira. Kila kichwa cha msumari alikizamisha kwenye mfereji wa kashata, kisilike na ardhi. Alipomaliza alipitisha ncha za vidole juu ya soli yote, macho yakiwa kwingine, akitafuta chuma kwa kugusa. Penye shaka akapiga nyundo tena.

Ndipo akauliza swali ambalo nadhani lingepaswa kuulizwa mwanzo kabisa katika kila duka la viatu: "Mama, una sukari? Miguu hufa ganzi?" Mama akasema hapana. Angesema ndiyo, fundi angemrudisha hospitali bila kumuuzia. Mtu ambaye kisukari kimemwondolea hisia miguuni anaweza kutembea siku nzima juu ya msumari asijue, na kidonda kama hicho ndicho huishia kwa mguu kukatwa. Anahitaji kiatu kisicho na msumari hata mmoja, na fundi anajua kwamba hicho si anachotengeneza yeye.

Mama akavaa, akatembea hadi kwenye mti na kurudi. Fundi hakuitazama miguu peke yake. Alitazama mabega, kisha magoti. Akamwomba arudie bila kujikaza, mikono aiache ipepee, hatua azifupishe. Safari ya pili mkanda wa kushoto ulikuwa unamchubua kidogo juu ya kidole cha mwisho. Akauchomoa, akausogeza nyuma kwa unene wa kamba, akapigilia upya. Akamwelekeza avivae muda mfupi siku za mwanzo mpaka ngozi izoee, aoshe miguu jioni na kuikausha katikati ya vidole, mafuta apake kwenye visigino penye magaga na asiyapake katikati ya vidole.

"Na msumari ukianza kutokeza," akasema akirudisha nyundo kwenye debe, "usiupige kwa jiwe. Niletee."