Kabla Dadu Haijarushwa

Tuseme hadithi imewekwa Kakontwe, pale Likasi, kwenye machimbo ya mawe ya chokaa. Mchezaji anasema mhusika wake anaruka mwanya kati ya majabali mawili ili awatoroke walinzi. Kitabu cha kanuni hakina habari za mwanya huo. Msimamizi wa mchezo ndiye atakayeamua, na hapo ndipo michezo ya kuigiza mezani hunoga au huvunjika.

Uhuru huo wa msimamizi kuamua uliutangulia mchezo wa Dungeons & Dragons wa Gary Gygax na Dave Arneson, uliotoka mwaka 1974. Mwaka 1876 afisa wa Prusia, Julius von Verdy du Vernois, alipendekeza michezo ya vita ya mafunzo iachane na majedwali na dadu, mwamuzi mzoefu aamue mwenyewe. Mchezo ukaenda kasi, lakini aliyeshindwa hakuwa tena na hesabu ya kuonyeshwa. Alibaki na neno la mwamuzi tu.

Jibu bora ninalolijua kwa tatizo hilo lilitoka Katanga, nchini Kongo, tena bila dadu. Mwaka 1986, Lubumbashi, kundi la maigizo la Mufwankolo lilitunga mchezo wa Le pouvoir se mange entier, msemo wenye maana ya "madaraka huliwa mazima", mwanaanthropolojia Johannes Fabian akiwafuatilia na kurekodi. Mazungumzo hayakuandikwa, waigizaji waliyabuni kwa Kiswahili cha kwao. Kazi nzito ilitangulia: walijadili kwanza maana ya msemo huo wa madaraka, wakapanga mfuatano wa matukio, wakafanya mazoezi, ndipo wakauigiza kijijini Kawama mbele ya kamera za televisheni. Mfuatano ulikuwa wa wote, maneno ya kila mmoja. Kiongozi wa kundi la namna hiyo hahitaji kulazimisha, kwa kuwa mipaka waliiweka pamoja.

Mezani, kazi hiyo ya awali ni kutangaza hatari: mwanya ni mpana, ukikosa utaumia mguu na walinzi watakukuta. Mchezaji akighairi, aachwe. Akikubali, uamuzi uandikwe ili wiki ijayo mwanya usibadilike upana, na dadu irushwe wote wakiona.

Wapo wanaoificha dadu na kugeuza namba kimya kimya ili mhusika asife. Nia ni njema, ila naipinga kabisa: mchezaji akigundua mara moja, hata ushindi wake wa nyuma unaingiwa na shaka. Msimamizi asiyetaka kifo aseme mapema, wazi, kwamba gharama ya leo ni jeraha au kukamatwa.