Waya wa Nne wa Feni

Feni ya kompyuta yenye nyaya tatu huzunguka vizuri tu; shida yake huanza pale inapotakiwa kupunguza mwendo. Waya wa kwanza ni wa hasi, wa pili huleta volti 12, na wa tatu hurudisha habari kwenye ubao mama: kila mzunguko mmoja, mipigo miwili. Feni inayokwenda mizunguko 1,200 kwa dakika hutuma mipigo 40 kwa sekunde. Kwa hiyo feni inaweza kujibu, ila haiwezi kuamrishwa. Ubao ukitaka utulivu, hauna budi kuipunguzia umeme wenyewe, na ndani ya feni umeme huo haulishi koili peke yake. Kuna saketi ndogo na kihisio cha Hall kinachosoma mahali sumaku ilipofika, navyo vinategemea volti zilezile. Zikishushwa sana, feni iliyosimama hushindwa hata kuanza. Na ukiamua kuuwasha na kuuzima umeme huo kwa haraka badala ya kuushusha, saketi nayo huzimika kila mara, mipigo inakatikakatika, na ubao unahesabu upuuzi.

Kanuni za feni ya nyaya nne, ambazo Intel ilikuwa imeshazitoa kufikia mwaka 2004, zilitibu ugonjwa huo kwa kutenganisha nguvu na amri. Volti 12 hubaki palepale muda wote. Amri hupita waya wa nne, na transista iliyomo ndani ya feni ndiyo inayokata na kurudisha umeme wa koili. Kasi ya kukata ni kilohezi 25, ikiruhusiwa kucheza kati ya 21 na 28. Namba hizo hazikuokotwa: sikio la binadamu hukoma karibu na kilohezi 20, hivyo mlio wa koili hausikiki. Lakini kinachonivutia zaidi ni jinsi waya huo ulivyoandaliwa kwa siku utakapokatika. Feni yenyewe huuinua juu, kazi ya ubao ni kuuvuta chini tu. Ukikosa wa kuuvuta, feni hukimbia kwa nguvu zote. Kelele, ndiyo, ila prosesa haiungui. Plagi nayo ilipangwa kwa busara: ulimi wa kuongoza umekaa kwenye pini tatu za mwanzo, kwa hiyo feni ya zamani huingia soketi mpya na pini ya nne inabaki wazi.

Wapo watakaosema mbao za leo hushusha volti kwa ustadi, tena huipa feni msukumo wa kuanzia, basi waya wa nne wa nini? Kwa feni za kasha hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo, kwenye ubao usiotambua aina ya feni wenyewe, mtu lazima achague mpangilio sahihi katika BIOS. Akiiacha feni ya nyaya tatu kwenye mpangilio wa nyaya nne, itapiga kelele mchana kutwa na lawama zitaiangukia feni. Hoja ninayoikubali zaidi ni nyingine. Waya wa kigawanyio hupeleka amri moja kwa feni kadhaa, lakini jibu linaloruhusiwa kurudi ni la feni moja. Nyingine zikifa, ubao hauna habari.