Santuri ya Kwanza ya Tracy Chapman, na Jinsi Watu Walivyoisikiliza

Wimbo hupimwa kwa mizani mbili. Ya kwanza ni kazi ya mwimbaji: sauti yake, maneno yake, na mpango wa vyombo vyake. Ya pili ni masikio ya wale wamsikilizao, maana wimbo usiosikilizwa na mtu ni kama barua isiyofunguliwa. Aghalabu waandishi hutumia ile ya kwanza tu. Mwezi huu twapenda kuzitumia zote mbili, nasi tumechagua santuri moja ya Marekani ambayo watu wameisikiliza kwa zaidi ya miaka 35, wala hawajapatana bado juu yake. Ni santuri ya kwanza ya Tracy Chapman, iliyotoka mwezi wa Aprili 1988, nayo yaitwa kwa jina lake mwenyewe.

Tracy Chapman alizaliwa mwaka 1964 katika mji wa Cleveland, jimbo la Ohio. Alilelewa na mama yake, wala hawakuwa na mali. Hata hivyo mama alimnunulia ukulele, yaani gitaa dogo la nyuzi nne, alipokuwa mtoto wa miaka mitatu. Na alipofika miaka minane alikuwa amekwisha kuanza kupiga gitaa. Baadaye alipata msaada wa kusoma katika shule ya bweni huko Connecticut. Kasisi wa shule ile alipomsikia akiimba, alichangisha fedha kwa waalimu na wanafunzi ili anunuliwe gitaa jipya. Twalitaja jambo hili kwa furaha, kwa kuwa latuonyesha ya kwamba wasikilizaji wake wa mwanzo hawakumpa sifa za mdomo tu. Akaendelea hata Chuo Kikuu cha Tufts, akahitimu, na katika miaka ile alikuwa akiimba barabarani na katika migahawa ya pande za Boston. Mwanafunzi mwenziwe mmoja alimsikia, akampelekea habari baba yake aliyekuwa katika biashara ya muziki. Ndivyo mlango ulivyofunguka.

Yafaa msomaji akumbuke hali ya muziki wa siku zile. Miaka ya 1980 ilikuwa miaka ya vinanda vya umeme na ngoma zipigwazo kwa mashine. Katika soko la namna ile, mtu mwenye gitaa la mti alikuwa kama mtu aletaye taa ya mafuta katika nyumba yenye umeme. David Kershenbaum, aliyeisimamia kazi ya kuitengeneza santuri, hakumfunika mwimbaji wake. Ngoma zimo, na besi imo, lakini vyombo vyote vimekaa nyuma ya sauti kama watu wakaavyo kimya mzee anaposema. Nyimbo ni 11, zote za utungo wake mwenyewe. Sauti yake ni nzito kwa mwanamke, haina madoido, nayo hutamka kila neno wazi. Asikilizaye hawezi kusema kwamba hakusikia alichoambiwa.

Na aliyoambiwa si maneno ya kuchezea ngoma. Wimbo mmoja waeleza habari ya mji uliogawanywa na njia ya reli, weupe upande huu na weusi upande ule, na jinsi damu ilivyomwagika. Mwingine wauliza kwa nini watoto hufa kwa njaa hali chakula kipo. Mwingine waonya kwamba maskini watainuka siku moja kudai sehemu yao. Huu aliutunga alipokuwa angali msichana wa shule. Zimo na nyimbo za mapenzi, lakini hata hizo hazina furaha nyingi.

Sasa twafika kwa wasikilizaji. Tarehe 11 Juni 1988 palikuwa na mkutano mkubwa wa muziki katika uwanja wa Wembley, London, wa kumheshimu Nelson Mandela aliyekuwa akitimiza miaka 70, naye yu kifungoni bado huko Afrika ya Kusini. Televisheni iliuonyesha mkutano ule katika nchi zaidi ya 60. Chapman aliimba mchana nyimbo zake chache, akaondoka. Jioni, zamu ya Stevie Wonder ilipokaribia, ilionekana kwamba kifaa kilichohifadhi muziki wa kinanda chake cha umeme kimepotea, naye hakuweza kuendelea. Pengo likawapo, na watu wanangoja. Ndipo Chapman alipoitwa tena, akatoka peke yake na gitaa lake, akauimba wimbo uitwao “Fast Car”, yaani gari la mbio. Umati ule ulionyamaza kumsikiliza ulikuja kwa ajili ya watu wengine. Katika majuma yaliyofuata santuri yake ilinunuliwa upesi mno, na mwezi wa Agosti ilikuwa ya kwanza katika Marekani yote. Mwaka 1989 alipewa tuzo tatu za Grammy. Katika Marekani peke yake santuri hiyo imehesabiwa kuuzwa zaidi ya milioni 6.

Lakini hesabu ya mauzo si hesabu ya mioyo. Tukiwatazama wasikilizaji kwa makini twaona makundi matatu.

Kundi la kwanza ni wale waliosema, “Haya ni maisha yangu.” Hawa walikuwa wengi, nao hawakuwa wa rangi moja wala wa nchi moja. Katika “Fast Car” asemaye ni msichana. Baba yake ni mlevi, mama amechoka akaenda zake, naye msichana ameacha shule ili amtunze baba. Ampenda kijana mwenye gari, akidhani kwamba gari lile litawatoa katika unyonge. Waenda mjini, yeye apata kazi ya kupokea fedha dukani, kijana hapati kazi. Miaka yapita, watoto wazaliwa, na yule kijana aliyependwa amekuwa mlevi kama baba. Mwishowe mwanamke amwambia achague: aondoke na gari lake, au akae hivyo hivyo hata kufa. Sisi waalimu hatuhitaji kufasiriwa habari hii. Tumekwisha kuliona dawati tupu la msichana hodari, tukauliza, tukaambiwa kwamba nyumbani yuko mgonjwa au mlevi, na hapana mwingine wa kumwangalia.

Kundi la pili ni wale waliolalamika. Walisema kwamba santuri ni ya huzuni toka mwanzo hata mwisho. Kwamba tuni zake hazina mabadiliko mengi. Tena kwamba mahali pengine mwimbaji ahutubia badala ya kuimba. Mashtaka haya tusiyatupe ovyo. Kundi la tatu ni baadhi ya Wamarekani weusi wenyewe, waliosema kwamba dada yao asikilizwa zaidi na weupe wenye elimu, na kwamba gitaa lake na utungo wake havifanani na muziki uliokuwa ukipendwa mitaani kwao. Shtaka hili lilikuwa na uchungu, kwa sababu mambo aliyoyaimba yalikuwa ya mitaa ile ile. Wengine wakaongeza ya kwamba mtu mwenye nafasi aweza kununua huruma kwa bei ya santuri moja, akalia kidogo, akalala vizuri.

Basi sisi twasemaje? Kwanza twawapa haki walalamikaji katika neno moja. Wimbo ule uulizao kwa nini watoto wafa kwa njaa ni wimbo wa haki, lakini ni dhaifu. Wapanga maswali moja baada ya moja, na kila swali lina jibu lake tayari ndani ya kifua cha msikilizaji. Nani atakayesema kwamba ni vema watoto wafe? Msikilizaji akubali yote, wala hatikisiki. Kadhalika ule uonyao juu ya kuinuka kwa maskini wachangamsha, na wafaa kuimbwa na watu wengi pamoja. Lakini hatumwoni ndani yake mtu hata mmoja mwenye uso na jina.

“Fast Car” si hivyo. Humo mwimbaji hamlaumu mtu wala hatoi mafundisho. Asimulia tu, na kila jambo lazaa jambo lililo baada yake: ulevi wa baba wamtoa binti shuleni, kukosa elimu kwamfunga katika kazi ndogo, kazi ndogo hailishi matumaini makubwa, na matumaini yakiisha ulevi warudi kwa mlango mwingine. Msikilizaji mwenyewe ndiye atiaye hukumu, na hukumu aliyoitia mwenyewe haimtoki upesi. Tena gitaa lasaidia. Vifungu vichache vya nyuzi vyarudiwa mara kwa mara, kama gurudumu lizungukalo pasipo kwenda mahali. Wale wasemao kwamba tuni haibadiliki wasema kweli, lakini hawakuuliza kwa nini. Maisha ya mwanamke yule hayabadiliki. Basi tuni ingebadilikaje?

Wakati nao umeleta ushahidi. Mwaka 2023 mwimbaji mweupe wa North Carolina, Luke Combs, aliuimba wimbo huu upya kwa namna ya muziki wa mashamba wa Marekani. Alisema kwamba aliusikia kwanza utotoni katika gari la baba yake. Hakugeuza maneno, hata pale asemaye anapojitaja kuwa binti mpokea fedha dukani, Combs aliimba vivyo hivyo, ingawa yeye ni mwanamume mwenye ndevu. Wimbo ukapanda tena, na mwezi wa Novemba mwaka ule Chapman akapata tuzo ya wimbo bora katika chama cha muziki huo, mtungaji mweusi wa kwanza kuipata. Hapo wasikilizaji wakabishana tena. Wengine walifurahi. Wengine waliuliza kwa uchungu kama mwanamke mweusi mwenye gitaa angalifunguliwa milango ile kwa sauti yake mwenyewe. Swali lao ni la haki, na furaha ya wenzao hailifuti. Tarehe 4 Februari 2024 wawili hao waliimba pamoja huko Los Angeles mbele ya mkutano wa tuzo za Grammy. Chapman alikuwa ameadimika majukwaani kwa miaka mingi, na nywele zake zimeota mvi. Alipopiga nyuzi za kwanza watu walishangilia kabla hajafungua kinywa, na Combs alionekana akiyafuata maneno kwa midomo kama mtoto mbele ya mwalimu wake. Wimbo uliodhaniwa kuwa wa watu fulani ulikuwa umepata wenyewe wengine, wala wenyewe wa kwanza hawakunyang'anywa.

Limebaki neno moja, nalo ndilo lililotufanya tuandike. Katika santuri hii uko wimbo mfupi uitwao “Behind the Wall”, nyuma ya ukuta. Hauna gitaa, hauna ngoma, hauna chombo chochote. Ni sauti tupu. Asemaye amelala kitandani, asikia jirani akipigwa na mumewe. Kuwaita polisi hakufai, maana huchelewa, nao wakifika husema kwamba hawaingilii mambo ya mtu na mkewe. Usiku mwingine kelele zarudi, kisha kimya, kisha gari la wagonjwa. Na sasa polisi wapo, wawaambia watu watawanyike. Umekwisha.

Wimbo huu haukupata sifa kama za ule wa gari, na twadhani twaijua sababu. Katika “Fast Car” msikilizaji ajiona yeye ndiye mwenye kuumia, na mtu hupenda kuhurumiwa. Katika “Behind the Wall” amewekwa mahali pa jirani, na ukimya wa vyombo ni ukimya wake yeye mwenyewe. Hapo hapana tuni ya kumfariji. Wale waliosema kwamba huruma yanunuliwa kwa bei ya santuri wangaliusikiliza huu vizuri, wangaliona kwamba mwimbaji aliwatangulia kulisema shtaka lao.

Kwa hiyo hukumu yetu ni hii. Santuri hii ina nyimbo mbili tatu ambazo ni hotuba zaidi kuliko nyimbo. Ina kadha nzuri za kawaida. Na ina mbili ambazo hatuwezi kuzisahau, ile isimuliayo na ile isiyo na chombo. Vijana wetu wanaotunga nyimbo wajifunze kwayo kwamba habari ya mtu mmoja, ikisemwa kwa uaminifu na kwa utaratibu, yapita maonyo kumi. Wala wasione haya kwa kuwa na gitaa moja tu au zeze.

Nasi tulio wasikilizaji tujipime. Wahenga walisema, mwenye kovu usidhani kapoa. Kuta za nyumba zetu za miti na udongo ni nyembamba, na kila mmoja wetu amewahi kuamshwa usiku na sauti aijuayo ni ya nani. Asubuhi tulikutana na mwenye sauti ile kisimani, tukamwamkia, tukauliza habari za mvua. Mwimbaji wa nchi ya mbali hawezi kutuinua kitandani usiku. Lakini aliyeusikiliza wimbo ule hata mwisho hatasema tena kwamba alikuwa amelala.