Mwendo wa Kukata Ukindu

Mkeka mzuri husifiwa kwa ukili wake, kwa mshono na rangi zake. Miguu haisifiwi na mtu. Na hali mkeka wa ukindu, kabla haujafika mikononi mwa msusi, ni mwendo: wanawake watu wazima, watano au sita, hata kumi, wamesali alfajiri, kanga moja kiunoni na moja kichwani, mundu ndani ya pakacha, wanaingia mwituni.

Katika vijiji vinavyouzunguka msitu wa Jozani, Unguja, mwendo huo una adabu zake. Mkubwa wao hutangulia, na hakuna anayempita hata kama magoti yamemchoka. Si heshima tu hiyo. Mawe ya uwandani ni makali, majani makavu yamefunika mashimo, na ndara haimfai kitu asiyejua pa kuweka mguu. Anapokanyaga wa mbele ndipo anapokanyaga wa nyuma. Wa mwisho mstarini naye huchaguliwa, awe mwenye sauti. Kila baada ya hatua kadhaa huguta, wa mbele akajibu, na kimya kikizidi wote husimama. Sijaona mtu akipotea katika msafara wa namna hiyo, wala sijaona akina mama hao wakiharakishana.

Mkindu hupenda penye maji, na masika Jozani hufurika, kwa hiyo hungojewa maji yapungue. Jani linalotakiwa ni lile changa la katikati, ambalo bado limefumba. Nilimtazama bibi mmoja, jirani yetu, akilishika jani la hivyo kwa vidole viwili, akalivuta kidogo, akaliachia. Akashika la mti wa pili. Hilo alilikata kwa pigo moja la mundu. Kwangu mimi yalikuwa sawasawa.

“Lile bado linanyonya,” aliniambia. “Na hili likingoja wiki litakuwa gumu, litatukata vidole.”

Kwenye kichaka chenye machipukizi mengi alichukua mawili, akahamia kingine. Msichana aliyefuatana nasi akataka kurudi kuyamaliza yaliyobaki.

“Yaache, mwanangu. Hayo yana wenyewe, hawajafika.”

Wenyewe ambao hawajafika walikuwa ni wao hao hao, mwezi unaofuata. Nimesoma maandiko mengi juu ya utunzaji wa misitu, yenye picha na vielelezo, na sikumbuki lililonikaa kama jibu lile.

Njiani hapaokotwi ukindu peke yake. Huchumwa mvumbasha wa kufukuzia mbu, huokotwa fuu za wajukuu zikiwa msimu wake, na majani ya mkunazi huchukuliwa kidogo akiba, kwa kuwa msiba haupigi hodi. Zamani ilichimbwa na mizizi ya mdaa, ikachemshwa pamoja na ukindu ukatoka mweusi. Siku hizi rangi ni unga wa dukani, ule unaohama mkekani ukaja kukaa kwenye kanzu nyeupe siku ya Idi. Mazungumzo nayo huenda na miguu: nani kapokea upatu, nani kaposwa, nani hajaonekana. Wakati wa kurudi mizigo hupimwa kwa macho, na aliyebaki nyumbani anaumwa hukatiwa fungu lake. Haulizwi atalipa nini.

Mwaka 2004 Jozani na Ghuba ya Chwaka vilifanywa hifadhi ya taifa, eneo la kilomita za mraba zipatazo 50, na ni kheri, maana kima punju hana kwao kwingine ila Zanzibar. Sina ugomvi na hifadhi. Kinachonikera ni kwamba leo mgeni hulipa ili atembezwe chini ya mitondoo na kijana anayemtajia miti kwa Kilatini, kazi njema na ya halali, lakini bibi anayeujua mkindu kwa vidole viwili hakuna aliyekwenda kumuuliza kitu. Atakapozikwa tutasema marehemu alikuwa msusi hodari. Nusu ya uhodari wake tutakuwa hatukuitaja.

Mjini, nako, wanawake wa umri wake wanatembea. Daktari kawaambia: sukari, presha, dakika 150 kwa wiki. Wameunda vikundi, wana fulana za rangi moja, na kila Januari 1 vikundi vya mazoezi hujaza barabara za Mjini kwa ngoma na filimbi. Nafurahi nikiwaona. Ila wanapita pembeni ya lami, gari zinawapulizia moshi, na kila mmoja anaangalia saa ya mkononi imhesabie hatua. Mwenye magoti mabovu huachwa nyuma mapema sana. Jirani yetu aliwahi kualikwa na binti wa nduguye.

“Mnakwenda kuchukua nini?” aliuliza.

“Hatuchukui kitu, shangazi. Tunakwenda na kurudi.”

Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kanga, kisha akauliza kwa dhati kabisa kama huko barabarani kuna kivuli.

Wanaokwenda mwituni sasa ni wachache, na warithi wao hawaonekani. Mkeka wa plastiki hupatikana dukani, hufuliwa kwa sabuni na kuanikwa, na mwenye nyumba ya sakafu ya vigae haoni kilichopungua. Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu mwaka 2006. Mikeka yake ikaachwa ijitandike. Wasusi waliobaki hununua ukindu sokoni, mafungu kwa mafungu, ushakauka. Ukilifungua fungu utakuta changa mno na gumu mno vimefungwa pamoja, mengine yamekatwa na kipande cha moyo wa mkindu. Msusi hukaa barazani akichambua, la huku, la kule, na rundo la kutupa likapita la kusuka. Bei ya fungu ni ile ile, na muuzaji ukimuuliza lilikatwa wapi, atakwambia yeye kaletewa na gari.