Matabaka yaliyofungwa kwa kipimo

Kifua kikuu, surua na mafua makali huingia mwilini kwa pumzi, lakini chanjo zake karibu zote tunachomwa mkononi. Sindano hujenga vizuri kinga ya kwenye damu. Kwenye utando laini wa mapafu, mlangoni penyewe, huacha walinzi wachache. Ndiyo sababu wapo watafiti wanaotaka kuipeleka chanjo huko huko.

Kazi hiyo inadai mkono mwepesi. Protini ya chanjo ikidondoshwa tupu mapafuni huondolewa haraka, kabla seli za kinga hazijaichunguza vya kutosha. Ukiizidishia kiamshi cha kinga, mapafu yanavimba, na pale hewa inapokutana na damu ukuta ni mwembamba kuliko mikromita 1. Si mahali pa kutumia nguvu.

Nimependa sana namna kundi la Darrell Irvine, wakati huo akiwa chuo cha MIT, Marekani, lilivyolishughulikia jambo hili. Walianza na liposomu, kijipovu cha mafuta alichokieleza Alec Bangham huko Uingereza katika miaka ya 1960. Mafuta yenyewe ni ya jamii ile ile inayojenga kuta za seli zetu. Yakikaushwa hadi yawe utando mwembamba ndani ya chupa, kisha yakatiwa maji yenye protini, hujikunja yenyewe kuwa vijipovu, na sehemu ya protini hubaki ndani. Tatizo ni kwamba kijipovu cha ukuta mmoja huvuja.

Mwaka 2011 walionyesha suluhisho lao. Waliongeza ayoni za metali, vijipovu vikaungana na kuwa tabaka juu ya tabaka, kama kitunguu. Kisha wakatia vifungo, yaani molekuli fupi yenye ncha mbili: moja hushika tabaka la ndani, nyingine hushika la nje. Uhodari wenyewe uko hapa. Kitu kigumu tu kingekuwa rahisi kukitengeneza. Wao walihitaji kitu kitakachovumilia majimaji ya nje ya seli kwa siku nyingi bila kupoteza mzigo, kisha kilegee mara tu seli inapokimeza. Na hivyo ndivyo ilivyo: ndani ya seli mna vimeng'enya vinavyokula mafuta, vinazila kuta zile, na protini inamwagika pale inapotakiwa. Vifungo vikiwa vichache, mzigo unapotea njiani. Vikizidi, seli inabaki na kifurushi isichoweza kukifungua. Kukipata kipimo cha katikati ni kazi ya subira, na mimi naiheshimu kuliko hata matokeo yaliyotangazwa baadaye.

Matokeo hayo yalikuja 2013. Panya waliopewa vijipovu hivyo mapafuni walipata kinga kubwa zaidi, dhidi ya virusi na hata dhidi ya uvimbe wa saratani, kuliko wenzao waliopewa chanjo ile ile, kwa njia ile ile, bila vijipovu. Seli za kinga zenye kumbukumbu, ziitwazo seli T, zilikutwa kwenye mapafu, na pia kwenye tando za viungo vilivyo mbali nayo. Hilo lina uzito mkubwa kwa yeyote anayewaza chanjo ya UKIMWI, ambao virusi vyake mara nyingi huingia kupitia tando kama hizo.

Ila panya alilazwa kwa dawa ya usingizi, akadondoshewa maji kooni. Mtu anahitaji ukungu wa kuvuta. Tone lizidipo mikromita 5 hunasa kooni. Likiwa dogo mno, hurudi nje na pumzi. Kijipovu peke yake, chenye nanomita mia mbili na kitu, kingeelea kikatoka tena, kwa hiyo lazima kisafiri ndani ya tone la ukubwa unaofaa. Tena kifaa kinachoyageuza maji kuwa ukungu huyatikisa na kuyararua, na kijipovu dhaifu kinaweza kuchanika humo. Basi mafundi wa fani hii hukusanya ukungu baada ya kupulizwa, wakapima upya ukubwa wa vijipovu na kiasi cha mzigo uliobaki, na vikionekana vimevuja wanarudi kwenye mafuta na vifungo kuanza tena.