Adabu ya Mkondo

Katika kibanda kimoja cha mabati pale Kariobangi Light Industries, ambako kelele za nyundo na mashine za plastiki hazikatiki tangu asubuhi hadi magharibi, yupo fundi wa makamo ambaye wenye matatu za Umoja na Kayole humletea taa zao za LED zilizokufa kabla ya wakati. Naye huzifungua, akazitazama kitambo, akatikisa kichwa, kwani aghalabu huwa hazikuuawa na uzee bali na mkondo usio na mlinzi.

Taa za jinsi hii tabia yao ni ya hatari: kadiri zipatavyo joto ndivyo zinavyozidi kuunywa umeme, na kadiri zinavyounywa ndivyo zinavyozidi joto, mpaka zijiteketeze. Betri za matatu kubwa ni za volti 24, lakini injini ikinguruma hupanda kukaribia 28. Na mwenye pupa, aliyetia rezista moja akaondoka na ujira wake, hayupo taa zinapoungua. Fundi wangu hafanyi hivyo. Huchukua chipu ya MC34063, iliyotolewa katika chaja kuukuu ya simu ya garini, ambayo huko ilikuwa ikilinda volteji, akaigeuza ilinde mkondo: umeme wa taa hupitishwa kwenye rezista ya omu 3.6, na chipu, isiyotulia mpaka ione volti 1.25 juu ya rezista hiyo, huukata umeme na kuuachia mara maelfu kwa sekunde, hata mkondo utulie karibu na miliampea 350, injini ingurume au inyamaze.

Lakini ustadi wenyewe umo katika koili. Hutwaa pete ya manjano na nyeupe kutoka katika kompyuta iliyokufa, akaizungushia waya wa shaba, kila mzunguko ukilala ubavuni mwa mwenziwe, kwa mkono wenye subira kama wa bibi asukaye ukili. Hana haraka, wala hakubali kuharakishwa. Maana ajua kwamba kiini kikishiba sumaku, koili hugeuka kipande cha waya tu, na mkondo ukaruka ghafla ukaiunguza swichi. Kazi ikiisha huiwasha taa, akaiacha, kisha akaigusa koili kwa kidole. Na ikiwa moto kupita kiasi, huifumua yote akaanza upya, na mwenye gari, apende asipende, hungoja.

Nilipokuwa mtoto huko Kaloleni, mtaa uliojengwa miaka ya 1940, mafundi wa redio walikuwa na adabu hiyo hiyo: mmoja wao aliandika kwa penseli, ndani ya sanduku la redio ya baba, tarehe ya kila matengenezo, ili atakayeifungua baada yake asipotee. Ni nani leo amwandikiaye fundi ajaye? Mwaka 2014 Akasaki, Amano na Nakamura walitunukiwa Nobeli kwa taa ya LED ya buluu, iliyotupatia nuru nyeupe, na walistahiki. Ila mlinzi wa mkondo hana wa kumsifu. Taa za bei rahisi zishukazo kwa makatoni Luthuli Avenue zimeandikwa wati na rangi, wala hazisemi ni nini kinachoziendesha. Nyingi zimetiwa kapasita dhaifu ndani ya kasha lisilopumua, ilhali kila nyuzi kumi za joto hupunguza umri wa kapasita hiyo kwa nusu. Hiyo kwangu ni hadaa. Mwisho wa taa hizo ni jaa la Dandora, na vijana, ambao zamani wangekaa miguuni pa fundi, wamefundishwa kubadilisha, hawakufundishwa kutengeneza.

Basi enyi wenye matatu, mnaolipa bila kinyongo ujira wa rangi na muziki, lipeni na ujira wa koili. Nanyi wazazi wa Jericho na Buruburu, mtoto apendaye kufungua vitu msimkemee, mpelekeni kwa fundi. Na taa ikizimika, msiitupe kabla haijafunguliwa.