Mwendokasi wa Kimara: Njia Imekamilika, Kando Bado

Mei 2016, mwendokasi, mfumo wa mabasi yenye njia zake jijini Dar es Salaam, ulipoanza kubeba abiria kati ya Kimara na Kivukoni, macho yalikuwa kwenye mabasi, hasa yale ya mita 18 yenye kiungo katikati. Kazi kubwa ya kihandisi, hata hivyo, ilifanyika vituoni.

Kituo kiko katikati ya barabara, sakafu yake imeinuliwa ikalingana na ya basi, na nauli hulipwa kabla ya kupita geti. Milango yote hufunguliwa kwa pamoja. Mzee mwenye mkongojo anaingia bila kupanda ngazi. Kisha kuna njia ya kupitana. Bila njia hiyo, basi moja likichelewa kupakia, yote yaliyo nyuma yanasimama. Ikiwapo, basi la haraka linalipita lile linalosimama kila kituo. Jakarta ilifungua ushoroba wake wa kwanza mwaka 2004 bila njia hizo, na mabasi yakapangana foleni vituoni. Dar es Salaam ilitenga ardhi ya kutosha, na kwa maoni yangu huo ndio uamuzi bora kuliko yote katika awamu ya kwanza ya mwendokasi.

Uamuzi mbaya ulikuwa Jangwani. Karakana ya mabasi iliwekwa kwenye bonde la mto Msimbazi, mahali ambapo maji hurudi kila masika. Mabasi yakaharibika, na mafuriko yanapofunga barabara hapo, safari za kwenda katikati ya jiji hukatika. Njia nzuri za awamu hiyo, kilomita 21 kwa jumla, zinashindwa na kipande kifupi cha bonde.

Na kando ya njia? Tazama makazi ya Magomeni Kota. Nyumba za zamani zilibomolewa, yakajengwa maghorofa kwa familia 644 zilizokuwa zikiishi pale, yakazinduliwa Machi 2022. Kutoka hapo hadi kituoni ni mwendo wa miguu. Watu wengi wamekaa karibu na basi, na wenyeji walipewa nafasi ya kurudi. Ila mradi huo ulikuja peke yake, haukuwa sehemu ya mpango wa mwendokasi. Kwingine soko la ardhi limeachiwa liamue lenyewe, na mpangaji wa chumba kimoja hana sauti humo.

Wanaopanga njia zijazo za mwendokasi waweke mezani ramani ya makazi ya kila kituo pamoja na michoro ya zege, na wapangaji waitwe kwenye mazungumzo hayo kabla bei ya viwanja haijapanda.